Isale Lililovuka Ukuta

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025. Alfajiri mvua ndogo ilinyesha Ilala ikakatika, na kulipokucha mawingu yalikuwa bado yako chini, joto limebanwa kama chini ya mfuniko wa sufuria. Nguo alizofua Paskalina jana yake zilikuwa na unyevu kwenye kamba. Alizigusa, akaziacha, akarudi jikoni kuchemsha chai ya mama mkwe wake.

Siku hiyo alasiri alitakiwa aende na mumewe kwa mjumbe wa mtaa, Mzee Gaudens, akatamke mbele yake kwamba anakubali nyumba hii iuzwe. Mumewe, Sajenti Severine, alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Songea na alipaswa kuripoti kikosini kabla mwezi haujaisha. Mnunuzi alishapatikana. Lililobaki ni neno la mke, maana Mzee Gaudens alishasema wazi kwamba nyumba inayokaliwa na familia haiuzwi kwa kauli ya mume peke yake.

Neno lenyewe Paskalina alikuwa nalo tayari, na hilo ndilo lililomtia hofu. Songea ni kwao. Mama yake mzazi alikuwa katika kijiji kilichoko nje kidogo ya mji ule, macho yameanza kuingia ukungu, anaishi na majirani zaidi kuliko anavyoishi na watoto wake. Kwa miaka mingi Paskalina alikuwa akisali novena kwa nia moja, arudishwe karibu na mama yake kabla hajachelewa. Siku Severine alipoingia jikoni akamwambia amepangiwa Songea, alipiga magoti palepale na mwiko mkononi, akamshukuru Mungu.

Hakuomba nyumba iuzwe. Aliomba kurudi kwao. Lakini jibu lilikuja limefungwa pamoja na jambo la pili, naye akalipokea lote bila kulifungua.

Jambo la pili lilikuwa hili: mama mkwe wake, Mama Euphrasia, hakuambiwa chochote.

Mama Euphrasia alikuja Dar es Salaam akitokea Rombo, bado bibi harusi, wakati mumewe anauza vitunguu kwenye meza ya kukodi Kariakoo. Nyumba hii waliijenga chumba kwa chumba. Mumewe alifia katika chumba cha mbele. Severine ni mtoto wa mwisho, na kwa mila yao mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na mama akiwa ndani yake. Mtaani wote walimwita Mama Godbless, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ambaye aliishi kulekule Rombo.

Severine hakuwa mtu mbaya. Aliogopa. Mama yake alikuwa ameanza kusahau jiko likiwa linawaka, na mara moja moshi ulijaa hadi majirani wakavunja dirisha. Nyumba za askari huko anakokwenda zina vyumba viwili. Kumwacha mama peke yake hawezi, kumchukua haoni atamlaza wapi. Kwa hiyo alipanga ampeleke kwa Godbless, amwambie wanatangulia mapema kusubiri Pasaka, na akishafika kule akaiona migomba, atatulia, ndipo aambiwe. Paskalina aliuliza kwa nini asiambiwe sasa. Severine akajibu kwamba jeshini safari haitangazwi. Aliyesema hivyo alikuwa mezani kwake, anakula ugali, lakini fundisho lile alikuwa amelivaa siku zote pamoja na sare.

Mama alifurahia safari ya Pasaka. Alishamnunulia mke wa Godbless kitenge.

*

Alhamisi iliyotangulia, dalali aliyeitwa Jovin alikuja na mnunuzi. Alikuwa Abdulmalik, mfanyabiashara wa jumla Kariakoo, mtu mzima mwenye kanzu safi na sauti ya chini. Alitaka kiwanja hicho ajenge ghorofa la kuhifadhia mizigo. Jovin, kama alivyoagizwa na Severine, alimvuta Mama Godbless pembeni akamwambia kwamba huyu ni mgeni wa mwanawe, amepita kusalimia.

Kwa Mama Godbless mgeni haachwi asimame. Alikuwa amepika kiburu, zile ndizi za kupondwa na maharage, akamvutia Abdulmalik kiti. Abdulmalik akasema amefunga.

"Basi utafuturu nacho," mama akasema, akaanza kukijaza kwenye hotpoti. Kisha akamgeukia Jovin, aliyekuwa ameshajipakulia. "Na wewe, Kwaresma yako imefikia wapi?"

"Mimi nafunga maneno, mama. Chakula hapana."

"Dalali afunge maneno. Watoto wako watakula nini?"

Hata Abdulmalik alicheka. Baada ya hapo mama akamtembeza nyumba nzima mwenyewe, kwa mkono wake, kama anavyomtembeza kila mgeni. Alimwonyesha mbao za paa ambazo mumewe alizichagua moja moja pale mtaa wa Gerezani, na chumba alichofia. Akamtoa uani, akamwonyesha masale yake, yale majani marefu ya kijani aliyoyaleta yakiwa miche kutoka Rombo na kuyapanda kwenye kona.

Akamweleza kwamba kwao mtu akikukosea, akikujia na jani la isale mkononi, humkatalii msamaha, hata awe amekukosea nini.

"Hata kama hutaki?" Abdulmalik akauliza.

"Hata kama hutaki. Ndiyo maana nimeyapanda mbali na mlango."

Paskalina alikuwa ameinama kwenye beseni la vyombo, akisikia kila neno. Aliona jinsi Abdulmalik anavyotazama kuta, anazipima kwa macho. Akaona pia jinsi mama anavyomwonyesha. Mmoja alidhani anaonyeshwa mali na mwenye mali. Mwingine alidhani anamwonyesha mgeni maisha yake. Naye Paskalina, aliyejua yote mawili, akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

*

Basi Jumamosi ile, chai haijapoa, hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa Abdulmalik. Amerudisha hotpoti. Alipoifunua ilikuwa imejaa tende na vipande vya halua, kwa sababu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na mtu wa adabu zake asingemtuma kijana wa dukani.

Mama alimshukuru, akamwambia amehangaika bure. Abdulmalik akasema hakuna mahangaiko. Kisha, kwa upole wa mtu anayetaka kuwatendea wema wenye nyumba, akaongeza:

"Mama, nilitaka na wewe mwenyewe usikie kutoka kwangu. Usiharakishwe na mtu kuhama. Mafundi wangu watasubiri mpaka baada ya Idi."

Mama akamwomba arudie. Akarudia, taratibu zaidi, akidhani hakusikika. Halafu akamtazama Paskalina aliyesimama nyuma ya mama mkwe wake na kikombe mkononi, na sura yake ikabadilika. Alielewa. Akasema, "Astaghafirullah," kwa sauti ndogo, akainamisha kichwa.

Mama Godbless hakumfokea. Alimsindikiza hadi nje kama mgeni, akamwambia awasalimie nyumbani. Aliporudi aliweka hotpoti juu ya benchi bila kuifunika, akachukua panga nyuma ya mlango wa jiko, akaenda uani.

Alianza na masale ya pembeni. Alikata shina moja baada ya jingine, chini kabisa, na yale yaliyogoma akayang'oa na mizizi. Paskalina kwanza alidhani hasira imetafuta pa kutokea. Mkokoteni wa taka ulipopita, mama aliyabeba mwenyewe mafungu mawili, akayatupa juu ya uchafu wa mtaa mzima, akasimama kuhakikisha yameondoka. Hapo ndipo Paskalina alipoelewa. Mama alijua kwamba mwanawe atakuja kuomba radhi. Alikuwa anamnyima cha kushika mkononi.

Akaketi kwenye kigoda chake, mbele ya udongo uliofukuliwa.

"Ulijua," akasema bila kugeuka.

"Nilijua, mama."

"Mwezi huu wote ulikuwa unaimba ukifua. Nikasema moyoni, Mungu amempa mwanangu mimba nyingine. Nikakusalia rozari." Akafuta tope kwenye panga. "Kumbe ulikuwa unaimba kwa sababu unanihama."

Lilikuwa kweli.

*

Severine alirudi mchana na maboksi matupu aliyoyapata Kariakoo. Paskalina alimweleza yaliyotokea wakiwa bado mlangoni. Aliyaweka chini, akaenda uani akiwa bado na vumbi la maboksi mikononi. Alimwambia mama yake mambo mengi: moto wa jiko, vyumba viwili vya kambini, nyumba nzuri ambayo angemjengea Rombo, umeme na maji ndani. Mama alimsikiliza mpaka akachoka.

"Leta isale," akasema.

Severine akatazama kona. Mtu yule, ambaye Paskalina alimwona akiondoka kwenda kulinda amani nchi za watu bila kutikisika, alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akashika kichwa. Aliwapigia simu wenzao wa Rombo wenye maduka Kariakoo. Mmoja akamcheka, akamuuliza nani anapanda masale juu ya zege. Mwingine akasema basi la asubuhi, labda, litaleta kesho jioni.

Paskalina aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Hakuwa na sala mpya. Alisema ileile ya miaka yote, nirudishe kwa mama yangu, na safari hii kila alipoitamka alimwona mama mwingine, amekaa kwenye kigoda na panga miguuni. Alinyamaza ili asikie kama atajibiwa. Alisikia nyundo za mafundi wa Gerezani zikigonga bati, basi.

Akasikia pia jina lake likiitwa kutoka uani. Alikuwa Zulekha.

Zulekha alikuwa jirani wa upande wa nyuma, mjane kutoka Lindi. Nyumba zao zilitengwa na ukuta mfupi ambao sahani zilivuka kila siku, mwezi wa Ramadhani zaidi. Alikuwa amesimama juu ya tofali upande wake, kichwa kimechomoza. Alimwashiria Paskalina asogee pale ambapo bibi hawezi kuwasikia.

"Shoga, lile jani mnalohangaika nalo, mimi si ninalo?"

Akamwonyesha kwa kidole. Kando ya mlango wake, kwenye ndoo kuukuu ya rangi, lilisimama isale lenye afya. Mama Godbless alimpa mche huo mwaka marehemu Hafidhi, mume wa Zulekha, alipofariki, kwa sababu Zulekha aliyapenda yale majani. "Mimi nalimwagilia miaka yote nikijua ni ua," akasema.

Severine, aliyekuwa amesikia, alinyoosha mkono juu ya ukuta. Zulekha hakumpa.

"Subiri kwanza, baba. Umekula futari yangu tangu hujaota ndevu. Nyumba mnauza, ukuta wangu unapandishiwa ghorofa, jua langu linaondoka, na mimi nimeambiwa na Jovin nikinunua nazi sokoni. Jirani gani anafanyiwa hivyo?"

Severine alisema amekosa. Hakuongeza neno.

"Na bibi ameyakata yake kwa makusudi. Nikikupa hili nitakuwa namfungulia mtu mlango alioufunga mwenyewe. Kwa hiyo silivushi. Nitalileta mimi, kwa mlango wa mbele, niwepo nisikie unachomwambia."

*

Ilipofika alasiri hawakutokea kwa mjumbe, basi mjumbe alikuja kwao. Mzee Gaudens aliingia na mkoba wake wa ngozi, Jovin yuko nyuma yake anatazama simu, na Abdulmalik nyuma ya wote, kwa mwendo wa mtu ambaye angependa awe kwingine. Zulekha alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa baibui yake ya kutokea, ndoo ya rangi ameikumbatia kifuani.

Hakuna aliyekaa isipokuwa mama. Severine alivunja jani moja kwenye lile isale, akalishika kwa mikono miwili, akapiga magoti kwenye udongo ule uliofukuliwa, suruali yake ya kazi ikaingia tope.

Mama alilitambua jani mara moja. Macho yake yalikwenda kwa Zulekha.

"Umenigeuka."

"Ulinipa mwenyewe, bibi. Sikukuibia."

Mama Godbless alilitazama lile jani kama mtu anavyotazama dawa chungu aliyoipika mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua.

"Nimekusamehe," akamwambia mwanawe. "Mila ni mila. Lakini kusamehe nimesamehe, kuhama sijahama. Baba yako alikupa nyumba na mimi ndani yake. Hakukupa nyumba tupu. Sasa niambie mbele ya hawa watu utafanya nini na mimi."

Severine alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kutoa taarifa.

"Mama, mimi ni askari. Nikikuahidi leo kwamba nitakaa na wewe hapa, Songea wananisubiri. Nikikuahidi nitarudi mwaka fulani, sijui watanipeleka wapi. Nimekudanganya mara moja. Siwezi kukudanganya tena na hili jani likiwa mkononi mwako."

Jovin akaacha kutazama simu. Abdulmalik akasema taratibu kwamba yeye hataki nyumba ambayo mwenyewe anatolewa akilia, atatafuta kwingine, na hata kama wangekubaliana leo asingelala. Lakini Mzee Gaudens alitikisa kichwa. Alisema akiondoka huyu atakuja mwingine, na Jovin anao kumi. Jambo lazima liishie kwa mwenye neno. Akamgeukia Paskalina, akamwita kwa jina la mwanawe aliyekuwa shule ya bweni.

"Mama Steven, mimi nilikuja kwa ajili ya kauli yako. Unakubali nyumba iuzwe au hukubali? Ukisema hapana, muhuri wangu hautoki mkobani. Ukisema ndiyo, ni ndiyo."

Wote wakamtazama. Severine peke yake hakuinua macho. Alijua Songea ni nini kwa mke wake. Alimsikia akiomba jambo hilo miaka yote ya ndoa yao, na hakuwa na uso wa kumwomba aliache.

Paskalina aliwaza habari za mama yake. Alimwona anapapasa ukuta kutafuta mlango wa jikoni. Aliwaza kwamba pengine Mungu alimjibu kweli, na jibu lilikuwa ndiyo, na yeye sasa analirudisha. Alitamani kujua kama hiyo ni dhambi. Hakukuwa na wa kumuuliza pale uani.

"Sikubali," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Haiuzwi mama akiwa hai. Severine aende kazini. Mimi nabaki."

Mtu wa kwanza kusema baada ya hapo alikuwa Mama Godbless, na hakusema kwa ushindi. Alimwita karibu. Alikuwa bado ameshika jani.

"Paskalina. Na mama yako?"

Hapo machozi yalimtoka, naye hakuyazuia. Alisema mama yake atamuumiza moyo kila siku, na hilo halina dawa. Alisema Severine akiwa Songea kila Jumapili aende kijijini akamwone, akamkatie kuni, akamwambie mtoto wake yuko wapi na kwa nini. Severine akaitikia kwa kichwa, mara mbili, akiwa bado amepiga magoti. Mama Godbless akanyanyuka kwa kujikongoja, akalitia lile jani katika mkono wa mkwe wake, mtu wa kusini ambaye tangu alipoolewa hakuwahi kuruhusiwa kuyagusa masale yale hata kwa kuyamwagilia.

Mzee Gaudens akakohoa. Akasema kauli ya kwanza ilikuwa ya chini mno, na jambo zito hutamkwa mashahidi wote wakasikia. Zulekha akaiweka ndoo chini. Abdulmalik akasogea karibu. Paskalina akajifuta uso kwa pindo la kanga, akalishika jani kwa mikono miwili kama alivyoona mumewe akilishika, akasema kwa sauti iliyovuka ukuta:

"Mimi Paskalina, mke wa Severine, mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi mnaonisikia, naahidi: Mama Euphrasia hataondoka katika nyumba hii kwa mkono wa mtu, na mimi sitaondoka nikamwacha ndani yake, mpaka Mungu mwenyewe atakapomwita."